Nani Anayekula Vumbi?

Mazungumzo kwa viongozi wa walei na mafundi seremala wa Ugweno





Mtu asikiapo jina la Tume ya Haki na Amani, mara nyingi hufikiri habari za mashamba yenye ugomvi, za wajane walionyimwa mirathi, au za uchaguzi. Hayo ni yetu, wala hatuyaachi. Lakini haki haianzii mahakamani. Huanzia pale mtu anapotafuta riziki yake ya kila siku, na katika hali anayoipata riziki hiyo. Kwa sababu hiyo leo tumechagua kusema juu ya jambo linalodharauliwa kwa wepesi wake, yaani vumbi la mbao katika karakana zetu za nyumbani. Tutafuata njia yetu ya kawaida: kuona, kupima na kutenda.

KUONA

Ugweno ni nchi ya mafundi tangu zamani. Historia ya Upare inawataja Washana, ukoo wa wahunzi, na chuma cha Ugweno ambacho majirani zetu Wachagga walikinunua. Siku hizi sauti inayosikika zaidi vilimani ni ya msumeno na randa. Huko Kifula, Shighatini, Msangeni na kwingineko, seremala huchonga milango na vitanda, madawati ya shule, mabenchi ya kanisa, na jeneza la kumsindikiza mzee wa ukoo.

Ardhi yetu ni ya miteremko na viwanja ni vidogo. Fundi wengi hawana nafasi ya kujenga karakana mbali na nyumba. Mabati huegemezwa kwenye ukuta wa jikoni, au chumba cha mwisho cha nyumba hugeuzwa kuwa mahali pa kazi. Hapo hapo mama anapika, mtoto anatambaa, na bibi mwenye kifua anaota moto.

Wazee wetu wanaujua upasuaji wa mbao kwa msumeno wa watu wawili. Gogo huwekwa juu ya jukwaa. Mmoja husimama juu, mwingine chini. Wote wawili huvuta msumeno, wote wawili hutoka jasho, lakini unga wa mbao humwangukia wa chini, machoni na puani. Karakana zetu nazo zina mtu wa juu na mtu wa chini. Mtu wa chini ni mwanagenzi anayepewa msasa kutwa nzima, kwa kuwa ndiyo kazi isiyodai ujuzi mwingi. Ni kijana anayefagia jioni mlango ukiwa umefungwa. Ni mama anayekung'uta na kufua nguo za kazi. Ni mtoto anayecheza juu ya lundo la maranda. Fundi mkuu ana siku za kwenda kwa wateja kupima milango na kupokea malipo. Mwanagenzi hubaki na vumbi.

Si kila kinachotoka kwenye ubao kina hatari sawa. Maranda ya randa ya mkono ni makubwa. Huanguka chini wala hayafiki mapafuni. Unga wa msumeno ni mdogo zaidi. Mwingi huanguka, ila sehemu yake huelea. Vumbi la msasa, hasa la mashine ya umeme, ndilo jembamba kuliko yote. Tugawe milimita moja katika sehemu 1,000. Unywele wa kichwa una unene wa sehemu kama 70 hivi. Chembe za vumbi zisizofika sehemu 10 zinaweza kuvuka pua na koo na kushuka kifuani. Kwa kawaida macho hayazioni, isipokuwa mwali wa jua unapopenya tundu la bati. Nazo huendelea kuelea muda mrefu baada ya mashine kuzimwa. Kwa hiyo asemaye, "Vumbi limetulia, sasa tule," bado anavuta vumbi.

Muumba ameupa mwili ulinzi. Vinyweleo vya pua huzuia chembe kubwa. Njia za hewa zina ute unaonasa chembe ndogo, na vijinywele visivyoonekana vinavyousukuma ute huo juu hadi utemwe au umezwe. Lakini ulinzi huu una kiasi chake. Vumbi likizidi siku baada ya siku, njia za hewa huvimba. Mtu akivuta na sigara, vijinywele hivyo hulegea, na vumbi hukosa wa kulitoa.

Madhara huja kwa hatua. Kwanza ni pua kuziba, chafya, macho kuwasha na ngozi kutoka vipele. Mvule unajulikana sana kwa hayo, na mgrevilea tunaoupanda mashambani huwasha ngozi ya baadhi ya watu. Hatua ya pili ni kikohozi kisichoisha na pumu ya kazini. Pumu hii ina dalili ambayo Mkristo anaweza kuitambua kwa kalenda yake: Jumapili kanisani mtu anapumua vizuri na kuimba, Jumatatu jioni kifua kinabana, na kufikia Ijumaa hawezi kupanda kilima bila kusimama. Anayejiona hivyo asiseme ni baridi ya milimani.

Hatua ya tatu ni adimu, lakini ni nzito. Katika miaka ya 1960 madaktari wa Oxford, Uingereza, waliona kwamba saratani ya ndani ya pua, ambayo ni nadra sana, iliwapata mafundi wa samani wa eneo la High Wycombe kwa wingi usio wa kawaida. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Hatusemi haya ili kumtia mtu hofu aiache kazi yake. Saratani hiyo ni adimu hata kwa maseremala, na huchukua miaka mingi kujitokeza. Tunasema ili ijulikane kwamba kijana wa miaka 18 anayevuta vumbi leo anaweza kulipa deni hilo akiwa mzee, wakati aliyemwajiri hayupo tena kuulizwa.

Wala jambo hili si la Ulaya tu. Utafiti uliofanywa kwa mafundi wa karakana ndogo za mbao jijini Dar es Salaam, na kuchapishwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba walisumbuliwa na dalili za kifua kuliko watumishi wa ofisini.

KUPIMA

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Mungu anamwagiza mtu ajengaye nyumba aweke ukingo kuzunguka dari yake ya juu, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Tuangalie agizo hili vizuri. Mungu hamwambii mgeni ajihadhari asianguke. Anamwambia mwenye nyumba ajenge ukingo. Wajibu wa kwanza umewekwa juu ya mwenye mahali, kabla ajali haijatokea. Basi mwenye karakana naye ana ukingo wa kujenga.

Mwokozi wetu mwenyewe aliitwa seremala na watu wa kijiji chake, kama tunavyosoma katika Injili ya Marko, sura ya 6. Aliijua mbao kwa mikono yake. Mwaka 1955 Papa Pio XII aliiweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Na Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba miongoni mwa haki za mfanyakazi ni kufanya kazi mahali na kwa namna zisizoharibu afya yake. Haki hiyo haipimwi kwa ukubwa wa kiwanda. Karakana yenye fundi mmoja na mwanagenzi mmoja nayo imo.

Sheria za nchi yetu zinakubaliana na mafundisho hayo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inamtwika mwajiri wajibu wa kuwakinga wafanyakazi wake, pamoja na kuwapa vifaa vya kujikinga vinavyofaa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 18 katika kazi zenye hatari. Mtoto wa shule anayesaidia likizo anaweza kupanga mbao na kuokota misumari. Asiwekwe kwenye mashine ya msasa.

Yako mabishano tunayoyasikia mara kwa mara. Wako wasemao, "Sisi tulijifunza hivyo hivyo na tuko hai." Walio hai ndio wanaosema, aliyeacha kazi kwa ajili ya kifua hayuko karakanani kujibu. Wengine husema, "Mwanagenzi ndiye anayefunzwa, basi avumilie." Uvumilivu ni fadhila mtu anapoutoa mwenyewe. Kumlazimisha mwenzako auvute kwa pua yake ni jambo jingine. Na wengine husema, "Kinga ni ghali." Hili ndilo linalostahili jibu kamili, nalo linafuata.

KUTENDA

Wengi hufikiri kinga maana yake ni barakoa. La. Barakoa ni ya mwisho, kwa kuwa humlinda aliyeivaa tu, na kwa muda aliouvaa tu; haimlindi bibi aliye jikoni. Kwanza tupunguze vumbi lisizaliwe. Pili tulizuie lisienee. Tatu tulifagie bila kuliamsha. Ndipo tufunike pua. Sehemu kubwa ya hayo haihitaji fedha nyingi.

1. Punguza msasa. Randa na patasi zilizonolewa vizuri hutoa maranda mazito na kuacha uso laini. Kipande cha msumeno wa zamani kilichonyooshwa na kunolewa makali hukwangua ubao ukawa laini, bila vumbi jembamba. Msumeno butu husaga mbao badala ya kuikata. Kunoa ni kinga. Vanishi inapopigwa zaidi ya mara moja, tumia msasa wa maji kwa mkono katikati ya mapigo hayo. Maji yasikaribie kamwe mashine ya umeme.

2. Toka nje. Kazi ya kukata na ya msasa ifanyike chini ya paa lililo wazi angalau pande mbili, si chumbani. Simama upepo ukipita ubavuni mwako. Ukikupiga usoni, unakurudishia vumbi. Ukikupiga mgongoni, unajizungusha mbele ya kifua chako na kulipandisha puani. Angalia pia upepo unakoelekea: usilipeleke vumbi kwenye jiko la jirani.

3. Tumia feni kwa akili. Feni inayopuliza juu ya meza ya kazi hutawanya vumbi. Iwekwe dirishani ikitoa hewa nje. Mwenye mashine ya kunyonya vumbi aunganishe mpira wake kwenye mashine yenyewe, pale vumbi linapotokea, na mfuko wake ukae nje ya chumba. Kifaa hiki kinaweza kumshinda fundi mmoja, lakini si lazima kiwashinde wanne au watano walio katika kikundi kimoja cha VICOBA.

4. Usifagie pakavu. Nyunyiza maji kwanza, ngoja kidogo, ndipo ufagie. Maji ya mfereji yanatosha. Meza ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu. Usipulize vumbi kwa mdomo wala kwa mashine ya upepo, na usiipigie nguo yako ukutani.

5. Vumbi lisiingie nyumbani. Nguo ya kazi ibaki karakanani. Ilowekwe kabla ya kufuliwa, na aliyeichafua asione haya kuiloweka mwenyewe. Osha uso na mikono kabla ya kumbeba mtoto na kabla ya kula. Lundo la maranda lifunikwe au liondolewe kila jioni. Likiachwa karibu na jiko, ni moto unaosubiri cheche.

6. Jua mbao yako. Vipande vya mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa visitumike kupikia, wala unga wake usiwekwe kwenye banda la kuku. Katika baadhi ya dawa hizo imo sumu kali inayobaki katika moshi na majivu. Bodi za kiwandani zilizoshikizwa kwa gundi nazo hutoa vumbi jembamba sana. Zikatwe nje siku zote.

7. Vaa barakoa inayofaa. Leso iliyofungwa puani hukamata chembe kubwa tu, na barakoa za kitambaa tulizozizoea mwaka 2020 hazikutengenezwa kwa vumbi hili. Tafuta yenye alama FFP2 au N95. Ina mikanda miwili. Yote miwili ivaliwe, na kipande cha chuma kibanwe juu ya pua. Funika kwa viganja na upumue kwa nguvu: ukisikia hewa ikipita pembeni, haijakaa. Ndevu huizuia isikae. Haishirikiwi na mtu mwingine, na ikichafuka au kulegea inabadilishwa. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke wa vanishi. Kwa vanishi dawa ni hewa ya nje.

Tuseme karakana ina urefu wa mita 5, upana wa mita 4 na kimo cha mita 2.5. Ujazo wake ni mita za ujazo 50. Nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Januari 2023, haziruhusu vumbi la mbao ngumu lizidi miligramu 2 katika kila mita ya ujazo, kwa wastani wa saa 8 za kazi. Katika karakana hiyo, hiyo ni miligramu 100, yaani sehemu moja ya kumi ya gramu, pungufu ya chumvi inayoshikwa kwa ncha za vidole. Fagio kavu moja huinua zaidi ya hapo. Ndiyo maana hatua hizi ndogo si ndogo.

Neno kwa anayekohoa. Kikohozi kilichozidi wiki mbili kinataka kipimo cha kifua kikuu, na kipimo hicho pamoja na dawa zake hutolewa bure nchini. Mkoani kwetu iko Hospitali ya Kibong'oto, inayojulikana kwa huduma hiyo kwa vizazi vingi. Kifua kikuu huletwa na vijidudu, si na vumbi la mbao. Lakini ikiwa kipimo kinaonyesha huna kifua kikuu na bado unakohoa, mwambie daktari kazi unayofanya, mbao unazotumia, na kama hali inatofautiana Jumapili na siku za kazi. Usingoje aulize. Pua iliyoziba upande mmoja kwa muda mrefu, au inayotoka damu mara kwa mara, ionwe na mtaalamu. Na vijana waliowahi kuchimba Mirerani wajue kwamba vumbi la mawe huumiza mapafu kuliko la mbao na hulikaribisha gonjwa la kifua kikuu. Wao wapimwe kabla ya kuingia karakanani.

Neno kwa sisi wateja. Nani huagiza madawati, milango na mabenchi? Ni kamati za shule, ni familia, ni parokia. Mteja anayevutana bei hadi fundi abaki na gharama ya mbao na misumari tu, kisha akadai kazi iishe usiku huu, ameagiza vumbi pamoja na benchi. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kila agizo la kanisa liwe na muda wa kutosha, na katika bei yake uwemo mstari wa kinga ya wafanyakazi, ulioandikwa wazi, ili fundi mwenye kujali asishindwe na asiyejali.

Neno la mwisho ni la ushirikiano. Babu zetu hawakujenga ndiva kila mtu peke yake. Watu waliitwa kwenye msaragambo, na maji yakagawiwa kwa zamu. Paa lililo wazi la kufanyia kazi linaweza kujengwa kwa msaragambo vilevile, siku moja au mbili, kwa miti ya shambani na mabati machache. Tuwaalike majirani zetu Walutheri na Waislamu, kwa maana wengi wa mafundi wetu ni wao, na vumbi halimwulizi mtu dhehebu lake. Tunaomba kila Jumuiya ichague karakana moja ya kuanzia, na kuleta taarifa ya kilichofanyika kwa katibu wa Tume kabla ya tarehe 1 Mei, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Katika Jumuiya yetu ni karakana ngapi zilizoshikamana na nyumba? Ni nani hulala au hupika karibu nazo?
2. Katika kila karakana, ni nani hupiga msasa na ni nani hufagia? Je, ana umri gani?
3. Ni hatua gani tatu, kati ya saba tulizozitaja, zinazoweza kuanza wiki hii bila fedha?
4. Benchi au dawati la mwisho tuliloagiza, je, bei na muda tuliotoa vilimwezesha fundi kuwakinga vijana wake?

Mungu azibariki kazi za mikono yenu, na kuzilinda pumzi za wote wanaozifanya.

Tume ya Haki na Amani